Je, Fundi wa Mashine ya Fotokopi Anahitaji Vipimo vya Umeme?

Mashine ya fotokopi ni chombo cha riziki kwa mwenye duka la steshenari, na ni njia ya kufikia haki kwa wananchi wengi. Nakala ya kitambulisho, ya cheti cha kuzaliwa, ya hati za mauzo ya korosho na ya mitihani ya shule, zote hutoka humo. Mashine hiyo inaposimama Mtwara mjini, Mikindani, Mtawanya, au katika vijiji vya kuelekea mdomo wa Mto Ruvuma, hasara huanza siku hiyo hiyo. Vipuri vingi huagizwa kutoka Dar es Salaam, umbali wa zaidi ya kilomita 500 kwa barabara. Kwa hiyo kipuri kilichoagizwa kwa makosa humgharimu mlaji mara mbili: fedha zake hupotea, na siku za kusubiri huongezeka.

Somo hili linajibu swali moja: fundi anayekuja dukani kwako akiwa na begi moja la zana, je, anahitaji vipimo vya umeme, na ni vipi? Jibu letu kwa ufupi ni kwamba multimita ni ya lazima, osiloskopu ni chombo cha karakana, na hitilafu nyingi hazihitaji chochote kati ya hivyo viwili. Anayelijua hilo hatamdharau fundi aliyeanza kazi kwa kitambaa safi, wala hatakubali kununua bodi mpya kabla ya kuona kipimo chochote.

1. Mashine inavyofanya kazi

Msingi wa mashine hizi uligunduliwa na Mmarekani Chester Carlson, aliyefaulu kutoa nakala ya kwanza kwa njia hiyo tarehe 22 Oktoba 1938. Kanuni yake haijabadilika. Dramu hupewa chaji ya umeme; mwanga huondoa chaji hiyo mahali pasipo na maandishi; wino wa unga hushikamana na sehemu zinazotakiwa; kisha wino huhamishiwa kwenye karatasi na kuyeyushwa na sehemu ya joto, ambayo kwa kawaida hufikia nyuzi 180 hadi 200 za Selsiasi.

Ndani ya mashine moja, basi, mna kazi za aina nne: kuvuta karatasi, kupaka wino, kupasha joto na kuongoza umeme. Kipimo cha umeme hakiwezi kumwambia fundi lolote kuhusu mpira uliochakaa au dramu iliyokwaruzika. Hata hivyo, sehemu ya joto na njia za umeme haziwezi kuchunguzwa kwa kuangalia tu.

2. Hitilafu zisizohitaji kipimo cha umeme

Karatasi inayokwama mara kwa mara husababishwa zaidi na mipira ya kuvutia karatasi iliyochakaa au kushika vumbi, na vipande vya karatasi vilivyobaki ndani. Mstari mweusi unaojirudia kwenye kila nakala huashiria kioo kichafu au dramu iliyokwaruzika. Nakala hafifu zaweza kutokana na wino uliokwisha au dramu iliyofikia mwisho wa maisha yake.

Katika pwani yetu yafaa kuongeza sababu mbili. Ya kwanza ni unyevu. Msimu wa mvua, ambao kwetu huwa kati ya Desemba na Aprili, karatasi iliyoachwa wazi hunyonya maji ya hewani. Karatasi yenye unyevu hujikunja na kukwama, na huvujisha chaji inayopaswa kuvuta wino, hivyo maandishi hutoka na mabaka. Dawa yake ni kuihifadhi katika kifungashio chake, juu ya meza au rafu, mbali na sakafu. Ya pili ni chumvi ya upepo wa bahari, ambayo hushika kutu kwenye viungio vya nyaya. Mara nyingine kuchomoa kiungio, kukisafisha na kukirudisha hutosha kuiamsha mashine.

Fundi anayeanza na mambo haya anafuata utaratibu sahihi.

3. Mashine hujipima yenyewe

Mashine za kisasa zina vihisi vinavyotoa taarifa. Zikipata hitilafu huandika namba kwenye kioo chake: mashine za Ricoh huonyesha herufi SC na namba, na za Canon huonyesha herufi E na namba. Aidha, fundi aliyefunzwa anaweza kuingia katika ukurasa wa huduma wa mashine, akawasha mota moja moja na kuona kama kila kihisi kinaitika. Huko pia husoma idadi ya nakala ambazo mashine imetoa, akajua ni kipuri gani kimefikia muda wa kubadilishwa.

Hii ndiyo sababu kubwa iliyopunguza haja ya vipimo vingi kazini. Lakini namba ya hitilafu hutaja eneo lenye matatizo, wala haitaji kipuri. Namba inayohusu joto yaweza kusababishwa na taa ya joto iliyokatika, kihisi joto kichafu, kikata joto kilichofunguka, waya uliolegea, umeme mdogo wa ukutani au bodi. Hapo ndipo multimita inapohitajika.

4. Kazi za multimita

Multimita ni kipimo kidogo cha mkononi kinachosoma volti, ukinzani, na kama njia ya umeme ni nzima au imekatika. Bei ya multimita ya kawaida ni sehemu ndogo tu ya bei ya bodi ya mashine. Kazi zake muhimu ni nne.

Kwanza, kupima umeme wa soketi. Umeme wetu ni wa volti 230. Kwa miaka mingi Mtwara na Lindi zilitegemea mitambo ya gesi asilia ya Mnazi Bay, nje ya gridi ya Taifa. Na katika mtandao mdogo wa namna hiyo, mtambo mmoja ukizimika watumiaji wote huhisi mara moja. Kwa hiyo umeme upimwe mara mbili: mashine ikiwa imetulia, na mashine ikiwa inapasha joto. Kama kipimo kinaonyesha volti 230 mwanzoni na kushuka hadi 190 wakati wa kupasha joto, tatizo liko kwenye waya mwembamba wa ekstensheni, soketi iliyolegea au umeme wa eneo lote. Kubadilisha bodi hakutalitibu. Bisibisi ya testa haitoshi kwa kazi hii, kwa sababu taa yake huwaka hata umeme ukiwa umepungua sana.

Pili, kupima waya wa ardhi. Ukigusa chuma cha mashine na kuhisi mtekenyo, usiendelee kuitumia. Kipimo kati ya waya wa moto na waya wa ardhi kinapaswa kukaribiana na kile cha kati ya waya wa moto na nyutro. Kisipokaribiana, mwite fundi umeme mwenye leseni ya EWURA arekebishe soketi kwanza.

Tatu, kupima njia ya joto. Mashine ikiwa imechomolewa na kupoa, taa ya joto iliyo nzima husoma omu chache. Iliyokatika haipitishi kitu. Kikata joto kilicho kizima husoma karibu na sifuri. Kipimo hiki huchukua dakika chache, nacho hutenganisha kipuri cha bei nafuu na kipuri cha bei kubwa.

Nne, kupima umeme unaotoka kwenye pawa saplai. Mashine nyingi hutumia volti 24 za mkondo mnyofu kuendesha mota na volti 5 kuendesha vihisi. Kama volti 24 hazipo, mota zote zitanyamaza ingawa hakuna hata moja iliyoharibika.

5. Osiloskopu na nafasi yake

Osiloskopu huchora umbo la umeme unaobadilika haraka, jambo ambalo multimita haiwezi. Katika karakana, fundi wa bodi huitumia kutafuta mawimbi yaliyopotea au pawa saplai inayotoa umeme wenye mitetemo. Hata hivyo, dukani ina manufaa machache. Ili isaidie, fundi awe na mchoro wa saketi ya mashine hiyo na muda wa kutosha, na bodi yenyewe iwe ya kutengenezeka. Mara nyingi njia fupi zaidi ni kuweka kipuri kizima cha kujaribia. Mashine ikifanya kazi, jibu limepatikana.

Kwa hiyo usimwone fundi asiye na osiloskopu kuwa ni duni, wala usikubali kutozwa ada ya ziada kwa sababu tu ya chombo cha kupendeza macho. Ikiwa kweli bodi inahitaji uchunguzi huo, ipelekwe karakana, nawe upewe maandishi yanayoonyesha kuwa imechukuliwa.

6. Mfano wa kujifunzia

Tuchukue duka la steshenari katika wiki ya mitihani. Mashine inaonyesha namba ya hitilafu ya joto na kukataa kufanya kazi. Fundi wa kwanza anatazama namba hiyo na kusema bodi kuu imekufa, iagizwe nyingine. Fundi wa pili anachomoa mashine, anaiacha ipoe, anapima taa ya joto na kuiona nzima, kisha anapima kikata joto na kukuta hakipitishi umeme. Anatafuta kilichokifanya kifunguke, na anakuta kihisi joto kimefunikwa na wino ulioganda, hivyo mashine ilipasha joto kupita kiasi. Anasafisha kihisi, anaweka kikata joto kipya, anafuta namba ya hitilafu katika ukurasa wa huduma, na kupima tena.

Zana zilizotumika ni bisibisi, kitambaa na multimita. Bodi iliyosemwa kuwa imekufa haikuwa na kosa. Tena, bodi mpya isingeiponya mashine hiyo.

7. Tahadhari za usalama

Kuna hila moja ya hatari ambayo kila mlaji anapaswa kuikataa: kuunganisha waya moja kwa moja badala ya kikata joto ili mashine iwake haraka. Kifaa hicho kimewekwa ili kuzuia moto. Hatari hii si ya kufikirika. Mashine maarufu ya Xerox 914, iliyotoka mwaka 1959, ilipelekwa kwa wateja pamoja na kizimamoto kidogo, kwa kuwa karatasi zilizokwama karibu na sehemu ya joto ziliweza kuwaka.

Usijaribu mwenyewe kupima ndani ya mashine. Pawa saplai huhifadhi chaji ya volti zipatazo 325 hata baada ya kuchomolewa, na sehemu inayochaji dramu katika mashine nyingi hufikia maelfu ya volti, wakati multimita ya kawaida ina kikomo cha volti 600 au 1000. Fundi naye atumie kipimo chenye alama ya CAT II au CAT III na nyaya zisizo na michubuko.

Kabla ya kununua mashine iliyotumika, soma kibao cha nyuma. Mashine iliyotengenezwa kwa soko la Japani hutumia volti 100, na ya Marekani volti 120. Ukiichomeka moja kwa moja kwenye soketi yetu itaungua.

8. Haki na wajibu wako

Kuuliza si ujinga. Kabla ya kukubali kununua kipuri cha bei kubwa, mwulize fundi kwa heshima maswali haya:

a) Namba ya hitilafu ni ipi, nayo inahusu eneo gani?
b) Umeme wa soketi ulisoma volti ngapi mashine ikiwa inapasha joto?
c) Kipuri hiki kimepimwa vipi, na kipimo kilisoma nini?
d) Kisipotibu hitilafu, kitarudishwa kwa masharti gani?

Majibu yaandikwe, pamoja na bei na muda wa dhamana. Dai risiti, na dai kipuri cha zamani urudishiwe. Wewe nawe umweleze fundi ukweli wote: mashine ilianza lini kusumbua, ilikatika wakati wa radi au umeme uliporudi, na nani aliifungua kabla yake.

Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inamlinda mlaji dhidi ya mwenendo wa kupotosha na kuhadaa katika biashara. Anayekuuzia kipuri kwa madai anayojua si ya kweli anaweza kulalamikiwa mbele ya Tume ya Ushindani. Kama vipimo vinaonyesha umeme wa eneo lote ni mdogo, toa taarifa TANESCO. Usiporidhika na majibu, peleka lalamiko EWURA. Karatasi yenye vipimo vilivyoandikwa na fundi itakuwa ushahidi wako katika hali zote mbili.

Maswali ya kujipima

1. Taja hitilafu mbili ambazo multimita haiwezi kuzigundua.
2. Kwa nini umeme wa soketi upimwe wakati mashine inapasha joto?
3. Fundi anasema bodi imekufa, lakini hajapima kitu. Utamwomba aanze kupima wapi?
4. Kwa nini ni hatari kuunganisha waya badala ya kikata joto?