Handaki: Maana na Asili Yake



Katika masomo ya Sira tunafika mwaka wa 5 Hijria (627 Miladia) na kukuta Vita vya Khandaq, ambavyo pia huitwa Vita vya Ahzab. Wengi wetu hulihifadhi jina bila kuuliza maana yake. Khandaq ndilo hilo hilo handaki letu la Kiswahili: shimo refu linalochimbwa ili kumzuia adui au kujikinga naye. Mtaro wa maji ya mvua hapa Mbekenyera si handaki.

Neno tumelipata kwa Waarabu. Khaa imekuwa ha, kama khabari ilivyokuwa habari na khatari hatari. Qaf imekuwa ka, na mwishoni tumetia irabu. Waarabu nao walilichukua kwa Waajemi, ambao zamani walisema kandag, yaani kilichochimbwa. Mpaka leo Mwajemi akisema kandan anakusudia kuchimba.

Aliyemshauri Mtume (s.a.w.) kuchimba ni Salman Al-Farisi (r.a.), naye alikuwa mtu wa Uajemi, ambako njia hiyo ilijulikana. Makureshi na wenzao walikuja kiasi cha watu 10,000, Waislamu wakiwa kama 3,000. Upande wa kaskazini wa Madina ndio uliokuwa wazi. Kwingine kulikuwa na mawe meusi ya volkano, mitende na nyumba zilizobanana. Basi wakachimba upande huo, kwa njaa na baridi, na Mtume mwenyewe akibeba udongo. Farasi wa Makka wakafika ukingoni wakasimama. Wachache waliruka penye wembamba, akiwemo Amr bin Abdi Wudd, akauawa na Ali (r.a.).

Tuangalie jambo moja. Surat Al-Ahzab inaeleza vita hivi bila kulitaja neno khandaq. Lililomo katika Surat Al-Buruj ni ukhdud, nalo ni handaki la moto, kisa kingine kabisa. Tusivichanganye.

Mkoa wetu wa Lindi nao umeyaona mahandaki. Oktoba 1917, huko Mahiwa karibu na Nyangao, majeshi ya Waingereza na Wajerumani yalipigana kwa siku kadhaa, na Waafrika wengi walikuwa katika pande zote mbili.

Siku hizi neno limepanuka. Njia ya treni inayopita ndani ya mlima, kama zile za SGR huko Kilosa, nayo huitwa handaki, ingawa haimkingi mtu na adui yeyote.