Misuli ya Mchimbaji na Hatari ya Kifusi

Mchimbaji mdogo wa Segese, wilayani Kahama, anaposhika nyundo na tindo ndani ya duara, hutumikiwa na misuli zaidi ya 600 iliyoshikamana na mifupa yake. Msuli wa aina hii una kazi moja tu, nayo ni kuvuta, hauwezi kusukuma. Ndiyo maana misuli hupangwa kwa jozi: wa mbele ya mkono ukijikaza kiwiko hukunjwa, na wa nyuma ukijikaza mkono hunyooka, nyundo ikashuka. Misuli ya moyo na misuli laini ya utumbo haingoji amri ya mwenyewe.

Amri hutoka kwenye ubongo, hupita uti wa mgongo na neva hadi kwenye msuli. Inapofika, kalsiamu humiminika ndani ya seli, na nyuzi mbili za protini, aktini na miosini, hushikana na kuteleza moja kando ya nyingine, mithili ya watu wanaovuta kamba kwa kupokezana mikono. Wanasayansi walilieleza jambo hili mwaka 1954. Wengi hudhani kwamba nishati hutumika katika kukaza peke yake. La hasha: hata kulegea huhitaji nishati, na kwa sababu hiyo maiti hukakamaa.

Seli ya msuli huhifadhi potasiamu nyingi, pamoja na mioglobini, protini nyekundu inayotunza oksijeni. Vikiwa ndani ya seli ni hazina. Vikimwagika katika damu kwa wingi ni sumu.

Umwagikaji huo hutokea duara linapoporomoka na kifusi kikabana paja au bega kwa saa kadhaa. Daktari Eric Bywaters aliueleza ugonjwa huu London mwaka 1941, wakati nyumba zilipobomolewa kwa mabomu. Watu walifukuliwa wakiwa wanazungumza, wakaonekana wazima, kisha figo zao zikashindwa na baadhi wakafa siku chache baadaye. Kinachoua mapema ni potasiamu: kifusi kinapoondolewa, damu hurudi katika msuli uliokufa na kuibeba hadi kwenye moyo, ambao unaweza kusimama ghafla. Mioglobini huua polepole kwa kuziba na kuumiza mirija ya figo. Mkojo huwa mweusi kama chai ya rangi.

Kwa hiyo tiba huanza kabla ya kumchomoa majeruhi, ikiwa mkono wake mmoja unafikika. Mtu mzima hupewa maji ya chumvi ya kawaida kwa mshipa, takriban lita moja kwa saa, yakapunguzwa angalau kwa nusu baada ya saa mbili, huku mkojo ukipimwa. Maji ya Ringer yaepukwe, kwa kuwa yana potasiamu. Diklofenaki nayo, ambayo hutolewa upesi mno kwa kila maumivu, huzidi kuumiza figo. Mapigo ya moyo yakivurugika, kalsiamu glukoneti huukinga moyo kwa muda mfupi. Rufaa isingoje mkojo ukatike. Hospitali ya Bugando, Mwanza, ina huduma ya kusafisha damu. Aliyetoka shimoni kwa miguu yake baada ya kubanwa apimwe pia, na ndugu zake wautazame mkojo wake kwa siku kadhaa.

Njaa nayo hula misuli. Huko Nyangalata, katika wilaya hiyohiyo ya Kahama, wachimbaji watano waliokolewa Novemba 2015 baada ya siku 41 chini ya ardhi. Mwili usiopata chakula huyeyusha mafuta, lakini pia huvunja protini ya misuli ili ubongo upate sukari. Mtu wa namna hiyo asipewe sahani kubwa ya ugali kwa furaha ya kumwona. Chakula kingi cha ghafla huivuta potasiamu na fosfeti kutoka kwenye damu hadi ndani ya seli, na safari hii moyo huweza kusimama kwa upungufu. Aanzishiwe uji kidogo kidogo, hospitalini, damu yake ikipimwa kila siku.