SOMO: KUTHIBITISHA UZOEFU WA KAZI BILA YA BARUA YA MWAJIRI

Watumishi wa Serikali na wananchi kwa jumla wanafahamishwa kwamba nchi zinazopokea wahamiaji kwa sifa ya kazi hazitosheki na maneno ya mwombaji. Kanada, kwa mfano, hudai barua ya mwajiri inayotaja cheo, majukumu, tarehe, saa za kazi kwa wiki na mshahara. Je, mwajiri akikataa kuiandika?

Tuchukue mfano wa kijana wa Pemba aliyevuka kwenda Bara, akawa fundi mitambo kwa miaka minne huko Kizota, eneo la viwanda na maghala mjini Dodoma. Kiwanda kimefungwa na mwenyewe hapatikani. Kijana huyu asithubutu kutengenezewa barua ya uongo vichochoroni. Kwa sheria ya Kanada udanganyifu huo humzuia mtu kuingia kwa miaka 5.

Ushahidi wenye uzito ni ule ulioandikwa wakati kazi ikifanyika, hususan na asiyekuwa na maslahi nayo. Aanze na taarifa ya michango yake NSSF. Mchango wa mwezi ni asilimia 20 ya mshahara, kwa hiyo palipoandikwa shilingi 80,000 pana mshahara wa shilingi 400,000. Iwapo mwajiri alikata fedha asiziwasilishe (na waajiri wa namna hiyo wapo), hati za mshahara na taarifa ya benki zitajaza pengo.

Lakini michango haisemi mtu alifanya kazi gani, na hapo ndipo wengi hukwama. Zitafutwe mkataba, ratiba za zamu na barua za kupandishwa cheo. Kisha wafanyakazi wenzake, au msimamizi wake wa zamani, waape mbele ya wakili na kueleza waliyoyaona wenyewe, si waliyosimuliwa. Waliosoma chuoni wanajua tangu utotoni kwamba deni huandikwa na likashuhudiwa. Kazi nayo ina haki hiyo hiyo.

Kwa waliofanya kazi Bara, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, kifungu cha 44, inamlazimisha mwajiri kutoa hati ya utumishi ajira inapokoma. Na kifungu cha 15 kinamtaka ahifadhi maelezo ya ajira kwa miaka 5 baadaye. Kwa hiyo mwajiri aandikiwe barua ya kudai hati hiyo, ipelekwe kwa rejista, na nakala pamoja na risiti ya posta zitunzwe. Hata asipojibu, karatasi hizo zitaonyesha kwamba mwombaji alijitahidi. Ziambatanishwe na barua ya mwombaji mwenyewe inayoeleza kwa nini ile ya mwajiri haikupatikana. Waliofanya kazi Unguja au Pemba wataongozwa na Sheria ya Ajira ya Zanzibar, Namba 11 ya mwaka 2005.

Hati za Kiswahili zifasiriwe kwa Kiingereza au Kifaransa na kuambatanishwa na zile za asili. Mfasiri asiwe mwombaji mwenyewe wala jamaa yake.