Mtetemo wa Simu Mkononi: Chanzo Chake, Kazi Yake na Namna ya Kuurekebisha

Katika vijiji vya Handeni, ambako mahindi ni zao kubwa la chakula, mashine ya kusaga husikika kabla haijaonekana. Ndani yake mna nyundo ndogo za chuma zilizofungwa kuuzunguka mhimili. Maadamu nyundo hizo zina uzito sawa, mashine huzunguka kwa utulivu. Lakini nyundo moja ikikatika, au ikilika kuliko nyingine, mashine nzima huanza kutikisika, na sakafu hutetemeka chini ya miguu ya wale wanaongoja zamu yao. Msagaji huizima mara moja, kwani anajua kuwa mtikisiko huo utalegeza bolti na kuharibu beringi.

Jambo hilo ambalo msagaji huliogopa, mtengenezaji wa simu hulitafuta kwa makusudi. Ndani ya simu nyingi mna mota ndogo sana ambayo mhimili wake umefungwa kipande cha chuma kizito upande mmoja tu. Mota ikizunguka, kipande hicho huivuta simu huku na huku, nayo simu hutetemeka. Simu ni mashine ya kusaga iliyopoteza nyundo moja, ila imepotezewa kwa kusudi na kwa kipimo.

Kani na mwendo wake

Mwanafunzi aliyejifunza mwendo wa mduara anaweza kuikokotoa kani hiyo. Kani ni sawa na tungamo la kipande, mara nusukipenyo cha mzunguko, mara kipeo cha pili cha kasi ya mzunguko. Ichukuliwe kuwa kipande kina gramu 0.5, kitovu cha uzito wake kiko milimita 1 kutoka kwenye mhimili, na mota huzunguka mara 12,000 kwa dakika. Hiyo ni mizunguko 200 kwa sekunde, yaani hezi 200, au radiani 1,257 hivi kwa sekunde. Kani inayopatikana ni nyutoni 0.79, karibu sawa na uzito wa kitu cha gramu 80.

Je, simu yenye gramu 160 itasogea kiasi gani? Kipande kikienda upande mmoja, simu huenda upande wa pili kwa uwiano wa matungamo yao. Basi simu itasogea milimita 0.5 × 1 ÷ 160, yaani takriban sehemu tatu za elfu ya milimita kila upande. Jicho haliwezi kuona mwendo mdogo hivyo, lakini mkono huutambua bila shida. Sababu yake imo katika ngozi.

Vipokezi vilivyomo katika ngozi

Ngozi ya binadamu ina vipokezi vya aina mbalimbali: vingine hupokea joto, vingine maumivu, vingine mguso. Vilivyo hodari kuliko vyote kwa mitetemo ya haraka huitwa vipokezi vya Pacini, kwa jina la Filippo Pacini, mtaalamu wa Italia aliyeishi kati ya 1812 na 1883. Kipokezi kimoja kina urefu wa karibu milimita 1, nacho kimeundwa kwa matabaka mengi yaliyofunikana kama kitunguu, na katikati yake mna ncha ya neva. Matabaka hayo huuzuia mgandamizo wa polepole usifike kwenye neva, lakini huruhusu mtikisiko wa haraka upite. Ndiyo maana mtu husahau saa aliyoivaa mkononi, lakini humhisi mara moja nzi aitikisaye mabawa katika kiganja chake.

Vipokezi hivyo husikia vizuri zaidi mitetemo ya hezi 200 hadi 300, na katika eneo hilo huweza kutambua mwendo usiofika hata sehemu moja ya elfu ya milimita. Hapo msomaji ataona kwa nini mota ya simu huzungushwa kwa kasi ile. Mwendo wa simu ni mdogo, lakini umeelekezwa pale ambapo ngozi ni nyepesi zaidi kuhisi.

Mota ya aina ya pili

Mota yenye kipande kizito ina kasoro mbili. Kwanza, huchukua muda kushika kasi na muda mwingine kusimama, hivyo mtetemo wake huwa kama mngurumo, si kama mguso mmoja mkavu. Pili, nguvu yake na kasi yake zimefungamana: kasi ikipunguzwa nusu, kani hubaki robo, na mtetemo hutoka katika eneo ambalo ngozi huhisi vizuri.

Kwa hiyo simu nyingine hutumia kifaa kinachofanana na kipaza sauti. Sumaku iliyoshikwa na springi husukumwa mbele na nyuma na koili ya umeme, kwa mapigo yanayolingana na mwendo wa asili wa springi ile, kama vile mtoto anavyosukuma bembea kwa wakati wake ili ipande juu kwa nguvu kidogo. Kifaa hiki huweza kutoa mguso mfupi sana. Katika simu ya iPhone 7, iliyotolewa mwaka 2016, kitufe cha chini ya kioo hakikubonyea kabisa. Kilichohisiwa kama kubonyea kilikuwa mtetemo mfupi ulioidanganya ngozi.

Mtetemo unasema nini?

Katika stendi ya mabasi ya Korogwe, jua la mchana hukifanya kioo cha simu kisomeke kwa taabu, na kelele za magari humeza milio. Mtu anayeingiza namba ya siri ili kutuma fedha hupata uhakika kwa kidole: kila tarakimu inapoguswa, simu hujibu kwa mtetemo mfupi. Huo ndio mrejesho wa mguso.

Hata hivyo, ni lazima mipaka yake ieleweke. Mtetemo husema kwamba kuna kitufe kimeguswa. Hausemi ni kitufe kipi. Atumaye fedha kwa kutegemea kidole peke yake anaweza kupata mitetemo yote sawasawa, na fedha zikaenda kwa mtu mwingine. Jina la mpokeaji na kiasi cha fedha visomwe kwa macho, au kwa sauti ya programu ya kusoma kioo kwa asiyeona, kabla ya kuthibitisha.

Tena, mtetemo mmoja hufunikwa na mwingine. Injini ya pikipiki inayozunguka mara 6,000 kwa dakika hutikisa kwa hezi 100, ambazo vipokezi vya Pacini pia huzihisi. Dereva wa bodaboda asipoitambua simu inayoita mfukoni, si lazima simu iwe mbovu. Mwili wake tayari umejaa mtetemo.

Gharama ya umeme

Ingawa nguzo za umeme zimefika vijiji vingi, si kila nyumba imeunganishwa, na wako wanaolipia kuchaji simu katika vibanda. Kwao, ushauri wa kuzima mitetemo yote ili kuokoa betri huonekana kuwa wa busara. Hesabu inasemaje?

Ichukuliwe kuwa mota hutumia miliampea 70, na kila herufi huitetemesha kwa sekunde 0.02. Mtu akiandika herufi 10,000, mota itafanya kazi kwa sekunde 200. Umeme utakaotumika ni 70 × 200 ÷ 3,600, yaani miliampea-saa 3.9. Katika betri ya miliampea-saa 4,000, hiyo ni takriban sehemu moja ya elfu. Kioo kinachotumia miliampea 200 humaliza kiasi hicho kwa sekunde 70 tu. Apendaye kuokoa betri na aanze kwa kupunguza mwanga wa kioo.

Jambo hili lina uzito, kwa sababu wanaouhitaji zaidi mtetemo ndio mara nyingi wanaoshauriwa kuuzima. Asiyeona huutumia kutambua kuwa kidole kimefika kwenye kitufe. Asiyesikia huutumia badala ya mlio. Mkata mkonge wa Korogwe, ambaye viganja vyake vimefanya sugu, huhisi mguso mwepesi kwa shida zaidi. Uwezo wa kuhisi mitetemo hupungua pia kwa uzee, na kwa baadhi ya wagonjwa wa kisukari. Ndiyo maana waganga hutumia uma wa sauti wa hezi 128 kupima hisia za miguu. Watu hao wanahitaji mtetemo ulioongezwa.

Namna ya kurekebisha

Katika simu za Android, hufunguliwa mipangilio, kisha sehemu ya sauti na mtetemo. Majina hutofautiana kidogo kwa kila kampuni. Humo mtetemo wa simu inayoita, wa arifa na wa mguso hutenganishwa, na katika simu nyingi zenye Android 13 (2022) au ya baadaye, kila mmoja huweza kuongezwa au kupunguzwa. Simu za bei nafuu mara nyingi huruhusu kuwasha na kuzima tu. Mtetemo wa kibodi huwa na mahali pake katika mipangilio ya kibodi yenyewe. Kwa iPhone, mtetemo wa kibodi uliletwa na iOS 16 mwaka 2022, nao hupatikana katika mipangilio ya sauti. Mguso ukitoweka ghafla, ikaguliwe kwanza kama hali ya kuokoa betri imewashwa, kwani huweza kuuzima.

Jaribio la darasani

Simu iliyowekwa katika hali ya mtetemo ilazwe juu ya meza ya mbao, kisha juu ya gunia lililokunjwa, kisha juu ya sufuria iliyofudikizwa na kunyunyiziwa chembe za mchanga. Ipigiwe mara tatu. Wanafunzi waandike mlio na mwendo wa mchanga katika kila hali. Halafu simu iguswe kwa ncha ya kidole, kwa kiganja na kwa kiwiko, wakilinganisha hisia.

Maswali

1. Kwa nini meza hulia kwa nguvu kuliko gunia, ilhali mota ni ile ile?
2. Kokotoa kani ya mota iliyoelezwa hapo juu ikiwa inazunguka mara 9,000 kwa dakika.
3. Simu huita mara 20 kwa siku, kila mara ikitetemeka kwa sekunde 30 mfululizo. Ni sehemu gani ya betri itakayotumika?
4. Mzee mmoja anasema simu yake "haimjibu" anapoiandikia. Taja mambo matatu ya kuchunguza kabla ya kumpeleka kwa fundi.