SOMO LA MWEZI: WATOTO WALIOVUKA BAHARI MBILI

Soma kwanza: Matendo ya Mitume 27 na 28:1-10.

Chini ya milima yetu reli itokayo Tanga hupita Makanya na Same kwenda Moshi na Arusha. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, reli hiyo ilikuwa mojawapo ya njia za wakimbizi wa Kipolandi. Wengi wao walikuwa watoto, na baadhi yao hawakuwa na baba wala mama.

Mwaka 1940 na 1941 Urusi ya Kikomunisti iliwahamisha watu hao kwa nguvu, ikawapeleka Siberia na Kazakhstan. Wengi walifia huko kwa baridi, njaa na kazi ngumu. Ujerumani ilipoishambulia Urusi mwezi Juni 1941, waliosalia wakaachiliwa. Mwaka 1942 walipakiwa katika meli zilizojaa kupita kiasi, wakavuka Bahari ya Kaspi hadi Pahlevi, nchini Uajemi.

Lakini wengine walivuka bahari salama, wakafia pwani. Baadhi waliuawa na homa na kuhara. Wengine waliuawa na chakula. Walipewa nyama na mchuzi wa mafuta, na matumbo yaliyozoea njaa hayakuweza. Waliowapa walikuwa na huruma, ila hawakujua kwamba mtu wa namna hiyo huanzishwa kwa chakula chepesi, kidogo kidogo.

Waliopona walivuka Bahari ya Hindi, vita ikiwa bado inaendelea. Watu wapatao 5,000, wengi wao wanawake na watoto, waliwekwa Tengeru, karibu na Arusha, katika nyumba za duara zilizoezekwa kwa majani. Palikuwa na shule, hospitali, kanisa na makao ya yatima. Vita ilikwisha mwaka 1945, lakini wengi hawakuweza kurudi kwao. Mwaka 1949 yatima zaidi ya 100 walisafirishwa tena, hata Canada. Makaburi ya waliofia Tengeru yapo hadi leo.

Tujifunze nini? Merikebu ya Paulo ilipovunjika, wote walifika nchi kavu. Hata hivyo habari haikuishia hapo: wenyeji wa Malta waliwakokea moto wageni walioloa. Kumtoa mtoto hatarini ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni siku nyingi za uji, dawa, daftari, na mtu wa kumwita mama. Sisi nasi, siku ya mazishi kila mmoja huahidi kumtunza yatima. Je, baada ya matanga?

Maswali ya kujadiliana:
1. Ni yatima gani mtaani kwetu tuliyemwahidi msaada, kisha tukamsahau?
2. Ni lini huruma isiyo na maarifa imemdhuru mtu?
3. Wiki hii, nani atakwenda kumwona mtoto huyo, na atabeba nini?