Kutoka Kandili hadi Karabai: Historia ya Mwambao katika Majina ya Taa

1.0 Utangulizi

Msomaji wa leo wa fasihi ya Kiswahili huelekea kuridhika na neno taa popote mwanga unapotajwa. Makala haya yananuia kuonyesha kwamba kila jina la taa hubeba muundo wa chombo, aina ya mafuta na hali ya mwenye kukimiliki. Jina likisahaulika, sehemu ya maana ya matini hupotea. Mifano mingi inahusu pwani ya Malindi na Kilifi.

2.0 Taa za Kale

Ushahidi mkongwe uko Gedi, mji uliohamwa katika karne ya 17 na kuingizwa na UNESCO katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2024. James Kirkman, aliyeanza kuufukua mwaka 1948, aliziita nyumba kwa vitu vilivyopatikana ndani yake. Mojawapo ni Nyumba ya Taa ya Chuma. Taa ya chuma ya Gedi huhusishwa na Bara Hindi. Kwa hiyo hata mwanga uliletwa na bahari, sawa na kauri za Kichina na ushanga wa Venisi.

Lugha nayo yathibitisha safari hiyo. Kandili limetokana na Kiarabu, ambacho kililipata kutoka Kilatini kupitia Kigiriki. Fanusi, yaani taa iliyozungushiwa kioo, ni la Kiarabu lenye asili ya Kigiriki.

Katika Al-Inkishafi, mtunzi anazitaja taa za kioo na za shaba nyeupe zilizong'arisha majumba ya Pate, kisha anaonyesha majumba hayohayo yakiwa magofu na vidaka vyake vikiwa viota vya ndege. Asiyejua thamani ya taa hizo hawezi kupima ukubwa wa anguko linaloelezwa.

3.0 Taa za Mafuta ya Taa

Mafuta ya taa yalienea duniani katika nusu ya pili ya karne ya 19. Aina tatu zilijitokeza:

(a) Koroboi, au kibatari. Hiki ni kikopo chenye utambi, bila kioo. Hutoa moshi na huzimwa na upepo mdogo tu. Ndiyo taa ya mnyonge.

(b) Kandili. Ina tangi, utambi bapa, chemni na mabomba mawili ya pembeni. Muundo huu ulibuniwa na Mmarekani John Irwin katika miaka ya 1860 na 1870. Hewa hupitia mabombani na kuufikia mwako kwa utaratibu, hivyo taa haizimiki njiani. Hapa jina kongwe lilihamia kwenye chombo kipya. Tanzania Bara chombo hiki huitwa pia chemli.

(c) Karabai. Hujazwa upepo kwa pampu. Mafuta hugeuka mvuke na kuwaka ndani ya kifuko cha kitambaa chenye kung'aa sana. Jina lafungamana na kabaidi, kemikali iliyotumiwa katika taa za awali: ikikutana na maji hutoa gesi inayowaka. Kabaidi iliachwa, jina likabaki. Karabai iliwaka harusini na maulidini, na wavuvi huitumia kuwavuta dagaa usiku.

4.0 Umuhimu kwa Fasihi na Isimu

Mwandishi anapomweka mhusika kando ya koroboi, amekwisha kutaja umaskini wake bila kuutamka. Akimpa karabai, ameleta hadhira na sherehe. Kuyaeleza yote mawili kwa neno taa ni kuifuta tofauti hiyo. Vilevile, mzizi wa kuzima taa ndio uliozaa kuzimia, yaani kupoteza fahamu: mwili umefananishwa na taa.

5.0 Hitimisho

Mradi wa serikali ya Kenya wa kusambaza umeme vijijini ulioanza mwaka 2015, pamoja na taa za sola, umepunguza moshi na hatari ya moto majumbani. Hilo ni jambo la kushukuriwa. Hata hivyo, mtoto anayekua bila kandili hatalipata jina lake isipokuwa kitabuni. Inapendekezwa kwamba wanafunzi wa Kiswahili wayakusanye majina ya taa na ya sehemu zake kutoka kwa wazee wa Malindi, Mambrui na Takaungu wangali hai. Wahadhiri nao wasiridhike na ufafanuzi usemao “aina ya taa”. Mwanafunzi aulizwe: taa ipi, ya nani, na iliwashwa kwa mafuta gani?