Tofauti za Urithi na Saratani ya Damu kwa Watoto

Damu hutengenezwa ndani ya uboho wa mifupa. Mtoto anapopatwa na lukemia, yaani saratani ya damu, seli nyeupe changa huongezeka humo pasipo kukomaa, zikazisonga zile zilizo nzima. Ndipo mtoto hupungukiwa na damu, hupata homa za mara kwa mara, na huvilia damu kwa urahisi. Aina iwapatayo watoto zaidi hutokana na seli za limfu, nayo huonekana hasa kati ya umri wa miaka 2 na 5.

Je, ugonjwa huu hurithiwa? Ili kulijibu swali hili, yapasa kutofautisha mambo mawili. La kwanza ni tofauti za jeni ambazo mtoto huzipokea kwa baba na mama. La pili ni kasoro inayozuka katika seli moja tu ya damu, mara nyingi mtoto angali tumboni. Kasoro hiyo haikutoka kwa mzazi yeyote.

Ushahidi umepatikana kwa mapacha wa yai moja. Wote wawili wakiugua, mara nyingi seli zao za saratani huwa na kasoro ileile, kwa kuwa seli za mmoja zilipita hadi kwa mwenziwe kwa njia ya kondo la nyuma walilolishiriki. Lakini katika aina hii ya baada ya mwaka wa kwanza, pacha mmoja akiugua, kwa kawaida mwenziwe hubaki mzima. Hivyo kasoro ya kwanza haitoshi. Ni lazima nyingine ifuate baada ya kuzaliwa.

Mwaka 2009 wataalamu wa Uingereza na Marekani walitangaza kuwa sura fulani za jeni IKZF1, iliyo katika kromosomu ya 7, na ARID5B, iliyo katika kromosomu ya 10, huongeza wepesi wa kuugua. Kila nakala ya sura hizo huzidisha uwezekano mara moja na nusu hadi mara mbili hivi. Ichukuliwe kuwa katika watoto 2,000 mmoja huugua. Uwezekano ukizidishwa mara mbili, wataugua wawili, na 1,998 watabaki wazima. Wepesi ni mkubwa zaidi katika hali chache tu, kama ya watoto waliozaliwa na kromosomu ya 21 ya ziada.

Kwa hiyo hakuna haki ya kumlaumu mama, baba au ukoo. Penye matibabu kamili, watoto 9 hivi kati ya 10 hupona. Muda unaopotea katika lawama ni muda wa kumfikisha mtoto hospitalini.

Maswali

1. Eleza tofauti kati ya jeni iliyorithiwa na kasoro iliyozuka katika seli moja.
2. Kwa nini pacha mmoja huweza kuugua na mwenziwe asiugue?
3. Katika watoto 10,000 wenye wepesi uliozidishwa mara mbili, wangapi watabaki wazima?